Joy Adamson: Mchoraji wa maua aliyefunikwa na simba wake

Mkazi wa Sindo, kule Homa Bay, akiulizwa jina la mti unaotoa maua mekundu kama makaa ya moto hali matawi yangali bila majani, atajibu kuwa ni orembe. Mkikuyu ataapa kuwa ni muhuti. Mtaalamu, awe Nairobi au London, ataandika Erythrina abyssinica. Katika kazi hiyo ya kuyapatanisha majina na maua yenyewe, miongoni mwa waliotoa mchango mkubwa humu nchini ni mwanamke ambaye wengi humkumbuka kwa simba tu.

Joy Adamson alizaliwa Januari 20, 1910, katika mji wa Troppau, ambao sasa ni Opava katika Jamhuri ya Czech. Wazazi wake walimwita Friederike Victoria Gessner. Alifika Kenya mwaka wa 1937 akiwa mke wa mtu, na safarini melini akakutana na Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea. Ndoa ya kwanza ikavunjika, akaolewa na Bally mwaka wa 1938. Ni Bally aliyembandika jina la Joy.

Mwaka huo walijiunga na msafara wa Makavazi ya Coryndon kwenda milima ya Chyulu. Bally alikusanya mimea, naye mkewe akaanza kuichora.

Msomaji atauliza picha ilikuwa ya nini iwapo mmea wenyewe ulikuwa mkononi. Mmea ukishachumwa hulazwa baina ya karatasi, aghalabu magazeti makuukuu (hayo nayo ni matumizi ya heshima ya kazi yetu), ukakandamizwa hadi ukauke. Umbo hubaki na stameni zaweza kuhesabiwa hata baada ya karne nzima, lakini rangi huchujuka. Ua la zambarau huweza kugeuka kahawia. Mimea minofu kama mishubiri, ambayo Bally aliienzi mno, huharibika zaidi. Mchoro uliofanywa ua lingali bichi ndio uliohifadhi kile ambacho karatasi haikuweza kukihifadhi. Kwa hiyo Joy hakuwa na ruhusa ya kupamba: petali zikiwa tano, alichora tano.

Ndoa hiyo nayo haikudumu. Mnamo 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori, lakini maua hakuyaacha. Michoro yake ilitumika katika vitabu kadhaa, na mwaka wa 1947 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya Grenfell na chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza. Baadaye serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi, Wajaluo wakiwamo.

Kisha akaja Elsa. Kitabu Born Free, kilichotoka mwaka wa 1960, kilimpa umaarufu duniani kote, na kwa maoni ya mwandishi huyu, kikamdhulumu mchoraji.

Aliuawa Januari 3, 1980, katika hifadhi ya Shaba. Awali ilidaiwa kuwa simba ndiye aliyemshambulia. Uchunguzi ukabaini kuwa ni mkono wa binadamu. Bally naye alifariki mwaka uo huo.

Mamia ya michoro yake yamehifadhiwa katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Katika makavazi hayo hayo imo hazina ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, ambako ua lisilojulikana kutoka Gwassi au bonde la Lambwe bado hupelekwa likiwa limelazwa ndani ya gazeti.