William Bradford na deni la wakimbizi

Bradford alizaliwa Uingereza mwaka 1590. Akiwa kijana alikimbilia Uholanzi na wenzake, kwa kuwa walikataa kanisa la serikali. Mwaka 1620 walivuka bahari hadi Plymouth, Amerika, kwa fedha za wafanyabiashara wa London. Mwaka 1621 akawa gavana, kisha shehena yao ya kwanza ya mbao na ngozi ikaporwa na Wafaransa. Deni likabaki palepale! Mwaka 1627 Bradford na wenzake wachache walijifunga kulipa deni la wote, pauni 1,800. Mjumbe wao Isaac Allerton, mkwe wa mzee wa kanisa, akachanganya biashara yake na yao, deni likapanda. Lilimalizika miaka ya 1640, baada ya viongozi kuuza mashamba yao.