Jean-Félix de Hemptinne, askofu aliyesimamisha katedrali ya Lubumbashi

Kila siku watu wengi wanapita mbele ya katedrali ya Watakatifu Petro na Paulo, lile kanisa la matofali katikati ya Lubumbashi. Wachache wanajua nani aliyelisimamisha.

Jean-Félix de Hemptinne alizaliwa mwaka wa 1876 kule Ghent, Ubelgiji, katika familia ya matajiri wa viwanda vya nguo. Akaacha mali, akawa mtawa Mbenedikto. Mwaka wa 1910, ndio mwaka reli ilifika Elisabethville, alitumwa kuongoza misioni ya Katanga. Mji ulikuwa ungali mchanga kabisa.

Karibu na mwaka wa 1920 katedrali ikajengwa. Katanga haina shida ya udongo: vichuguu viko kila fasi, na hata leo watu wanavibomoa kwa kufyatua matofali. Kwa mji wa miaka kumi tu, kanisa kama lile lilionyesha kwamba wamisionere wamekuja kukaa.

Lakini lilisimama upande wa Wazungu. Watu weusi walikaa cité Albert, Kamalondo ya leo, na katikati Leta iliacha eneo tupu makusudi, ili kuwatenga. De Hemptinne, aliyepewa uaskofu mwaka wa 1932, hakuwa mtu wa kupinga utawala huo. Sauti yake ilikuwa na uzito mbele ya Leta na Union Minière. Hakutaka machifu waachiwe nguvu zao za kimila. Kwake, njia ya maendeleo ilikuwa ya Ulaya tu.

Mwaka wa 1945, padri Placide Tempels alitoa hapa hapa Elisabethville kitabu cha kueleza kwamba Wabantu wana falsafa yao. Askofu alikipiga vita. Mwaka uliofuata Tempels alirudi Ubelgiji, akakaa huko mpaka 1949.

De Hemptinne alifariki Februari 1958, kisha miaka 48 ya kazi Katanga. Miaka miwili baadaye uhuru ukafika. Mwaka wa 1967 Eugène Kabanga, mtoto wa Kongo, akawa askofu mkuu wa Lubumbashi, akakalia kiti mulemule katika katedrali.

Leo watu wa Kamalondo wanaingia humo bila kuuliza ruhusa. Matofali yamebaki, ule mpaka ndio ulianguka.