Askofu Nicole Oresme na Hesabu za Vipeo

Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro mjini Lisieux, Ufaransa, waamini wengi wanalifahamu kwa ajili ya Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, aliyesali humo tangu familia yake ilipohamia mji huo mwaka 1877. Miaka 500 kabla ya hapo, yaani mwaka 1377, kanisa hilohilo lilipewa askofu ambaye leo hutajwa zaidi na wanahisabati kuliko na sisi wana wa Kanisa. Jina lake ni Nicole Oresme.

Alizaliwa karibu na mji wa Caen, katika nchi ya Normandie, mnamo miaka ya 1320. Elimu ya teolojia aliipata Paris, katika Chuo cha Navarre, ambacho kiligharimiwa na mfalme kwa ajili ya wanafunzi wasio na uwezo. Kwa hiyo hatukosei tukisema kwamba hakutoka katika nyumba ya kitajiri. Alikuwamo chuoni mwaka 1348, mwaka ambao tauni iliingia Paris na kuua watu wasiohesabika. Miaka 8 baadaye alifanywa mkuu wa chuo hicho.

Ufaransa ya siku hizo ilikuwa vitani na Uingereza, na hazina ya mfalme ilikuwa tupu. Wafalme walizoea njia ya mkato: walikusanya sarafu, wakaziyeyusha, wakapunguza dhahabu au fedha iliyomo, kisha wakazitoa tena kwa jina lilelile na thamani ileile ya kutajwa. Msomaji wa Runzewe, anayeishi katika ukanda wa dhahabu na kuona gramu zikipimwa kila siku, hahitaji kuelezwa maana ya kitendo hicho. Ni kuchezea mizani, isipokuwa mwenye mizani ni mfalme. Oresme aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo. Alifundisha kwamba sarafu si mali ya mfalme bali ni mali ya jumuiya inayoitumia, na kwamba kuibadili kwa siri ili kujipatia faida ni kosa baya kuliko hata riba. Mwaka 1360 Ufaransa ilitoa faranga ya dhahabu, na chini ya Mfalme Charles wa Tano, ambaye Oresme alikuwa mshauri wake, sarafu ilitulia kwa miaka mingi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiko alikochimba kwa kina zaidi. Kila mwanafunzi wa sekondari anajua kwamba 4 ikizidishwa kwa yenyewe huandikwa 4², na ile 2 ndogo ya juu huitwa kipeo. Oresme alijiuliza: kama uwiano unaweza kurudufiwa, kwa nini usigawanywe nusu? Nusu ya 4 kwa maana hiyo si kuigawa kwa 2. Ni kutafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inaleta 4, yaani kipeuo chake cha pili. Basi 4 yenye kipeo cha moja na nusu ni 4 mara 2, na jibu ni 8. Alibuni alama zake za kuandika mambo hayo na kuweka kanuni za kuyazidisha na kuyagawa. Kwa tendo hilo kipeo kiliacha kuwa hesabu ya marudio tu.

Mlango huo ukishafunguliwa, vipeo hasi haviko mbali. Shuka ngazi taratibu: 2³ ni 8, 2² ni 4, 2¹ ni 2, 2⁰ ni 1. Kila hatua tunagawa kwa 2. Tukiendelea kushuka, 2⁻¹ ni nusu, 2⁻² ni robo, 2⁻³ ni moja ya nane. Wengi wa kidato cha pili hujibu kwamba 2⁻³ ni hasi 8, na hapo ndipo alama zinapopotea. Alama ya hasi katika kipeo haiigeuzi namba kuwa deni. Inaihamisha kutoka kwenye kiasi kwenda kwenye asili ya sehemu. Hivyo 2x⁻³y² ikigawanywa kwa 4xy⁻¹, ile 2 na ile 4 zinabaki mahali pake na kuleta nusu. X⁻³ inashuka chini na kukutana na x, zinakuwa x⁴. Y⁻¹ inapanda juu na kukutana na y², zinakuwa y³. Jibu ni y³/2x⁴. Tuwe wakweli: uandishi huu si wa Oresme. Al-Samaw'al wa Baghdad alikwisha kushughulikia nguvu za namna hiyo katika karne ya 12, Nicolas Chuquet aliziandika katika kitabu chake mwaka 1484, na ni John Wallis na Isaac Newton waliozipa sura tuliyoizoea.

Lakini thamani zenyewe Oresme alizitumia kwa ustadi. Alimfikiria msafiri ambaye nusu ya kwanza ya saa anakwenda kwa mwendo mmoja, robo inayofuata kwa mwendo mara 2, sehemu ya nane inayofuata mara 3, na kuendelea vivyo hivyo bila kikomo. Kasi inakua pasipo mpaka. Hata hivyo alionyesha kwamba mwisho wa saa msafiri amekwenda mara 2 tu ya umbali ambao angeufikia kwa mwendo wa kwanza. Kwa upande mwingine alithibitisha kwamba ukijumlisha 1, nusu, theluthi, robo na kuendelea, jumla haina mwisho, ijapokuwa vipande vinazidi kuwa vidogo.

Hesabu hizo hazikuwa mchezo wa kitabuni. Mfalme Charles alipenda wanajimu, waliodai kusoma matukio ya kesho katika nyota, na jamii yoyote yenye wapiga ramli inajua jinsi madai ya namna hiyo yanavyowagharimu watu. Oresme, rafiki wa mfalme, aliandika vitabu kuwapinga, kimoja kwa Kifaransa ili kisomwe na wasiojua Kilatini. Hoja yake ilitoka moja kwa moja kwenye vipeo: yaelekea sana kwamba miendo ya sayari haina kipimo kimoja kinachoigawa yote bila baki. Kama ndivyo, mpangilio wa mbingu haujirudii kamwe kwa usahihi, na utabiri unaotegemea marudio hayo hauna pa kusimama.

Aliwekwa kuwa dekano wa Rouen mwaka 1364. Kwa ombi la mfalme alitafsiri vitabu vya Aristoteli, na ilimlazimu kuliingizia Kifaransa maneno mapya mengi. Katika cha mwisho, kilichokamilika mwaka 1377, alipima hoja za wanaosema dunia inazunguka, akaonyesha kwamba hakuna jaribio linaloweza kuzikanusha, kisha mwenyewe akabaki na imani ya kale kwamba imesimama. Mwaka huohuo aliteuliwa kuwa Askofu wa Lisieux, na huko alifariki tarehe 11 Julai 1382.