Marehemu Mzee Karume na Bao

Mhariri ameniomba niwaandikie wanafunzi wa sasa, na wenzangu tuliokwisha kuondoka skuli, habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa hapa kwetu. Nimemchagua Marehemu Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar. Habari zake za siasa zimeandikwa mara nyingi na huelezwa kila ifikapo Aprili 7. Mimi nitazipitia kwa upande wa bao, mchezo aliouzoea na ambao, kwa masimulizi mengi, ndio aliokuwa akiucheza saa alipouawa.

Kwa taarifa za serikali, Mzee Karume alizaliwa Mwera mwaka 1905. Elimu ya skuli aliipata kidogo tu. Angali kijana akaingia ubaharia, akaona bandari nyingi za nchi za watu, kisha akarejea Unguja kuendesha maboti ya kuwachukua abiria kutoka melini hadi pwani. Wenye maboti wenzake wakamfanya kiongozi wao. Kazi ya bandarini nusu yake ni kungoja: meli ikichelewa watu hukaa, na watu wa pwani wakishakaa, bao hutolewa.

Kwa vijana ambao wanaliona bao kuwa ni mchezo wa wazee, inafaa nieleze kidogo. Ubao una mashimo 32 katika safu nne, na kete ni 64, nazo ni komwe. Sisi tuliokaa dakhalia hatukuwa na ubao wala komwe. Tulichimba mashimo chini ya mwembe, tukaokota kokoto, tukacheza bao la kujifunza: kila shimo kete mbili, hakuna nyumba, hakuna kunamua, unachota na unakwenda. Ulikuwa mchezo wa kelele na haraka, unamalizika kabla ya kengele ya masomo ya usiku. Baadaye mtu akikua kidogo na kuvumiliwa na wazee barazani, alikutana na bao la Kiswahili, na hapo huona kwamba yale ya mwanzo yalikuwa alifu kwa kijiti. Kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, sita nyumbani na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Zilizobaki, 22, zimo mkononi, na huingizwa moja moja. Nusu nzima ya mchezo ni kunamua. Ukija mtaji, mwenye akili ameshajua nani atafungwa.

Na kanuni! Tukirudi kutoka likizo kila mmoja alikuja na za kwao, huyu Makunduchi, yule Mkokotoni, yule wa mjini, na ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya nyumba: lini inalala na lini inasafiri. Ilibidi tupatane kwanza ndipo tucheze, na mapatano yenyewe pengine yalichukua muda kuliko mchezo. Nilipokwenda chuo kikuu nikakutana na Wamalawi, nao wana bawo lao, ndugu wa bao letu lakini lenye desturi zake. Nimezicheza zote. Kwa ladha hakuna lishindalo bao la Kiswahili, lakini ninalolikumbuka kwa hamu ni lile la kokoto.

Turudi kwa Mzee. Alikuwa Rais wa African Association, na chama hicho kilipoungana na Shirazi Association tarehe 5 Februari, 1957, kikazaliwa Afro-Shirazi Party, naye akawa Rais wake. Katika uchaguzi wa Julai mwaka huo alimshinda Sheikh Ali Muhsin katika jimbo la Ng'ambo. Mwaka 1963 chama chake kilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, na uhuru wa Disemba 10 ukawakuta wakiwa nje ya serikali. Mapinduzi yakaja Januari 12, 1964, na Muungano na Tanganyika Aprili 26. Mwalimu Nyerere, aliyetia naye saini, alikuwa mpenzi wa bao vilevile.

Wanafunzi wanaosoma jarida hili wanaguswa na jambo moja moja kwa moja: tarehe 23 Septemba, 1964 Mzee alitangaza elimu bila ya malipo wala ubaguzi. Wazee wetu wengi wasingeingia skuli lau si tangazo hilo. Zikafuata eka tatu tatu kwa wakulima, na majumba ya Kilimani na Michenzani.

Lakini yapo mengine, na sioni sababu ya kuwaficha vijana. Miaka yote ya utawala wake hapakupigwa kura. Watu waliwekwa kizuizini bila ya kesi. Mwaka 1969 Kassim Hanga na Othman Sharif, waliokuwa wenzake chamani, waliletwa Unguja kutoka Bara na hawakurudi kwao wakiwa hai. Barazani hata bingwa hucheza zamu moja kisha akamngojea mwenzake. Katika serikali ya Mzee zamu ya mwengine haikufika. Mimi namheshimu kwa yale ya mwanzo, na haya ya pili nashindwa kuyatetea.

Jioni ya Aprili 7, 1972 alikuwa Kisiwandui, makao makuu ya chama, amekaa na wenziwe kama desturi yake. Rais wa nchi akicheza bao pahala ambapo mtu aliweza kumfikia kwa miguu! Wakaingia watu wenye silaha, mmoja wao Luteni Humud Mohamed Humud, ambaye baba yake alifia kizuizini. Mzee Karume akafa hapo hapo, na Humud naye hakutoka hai. Mzee Thabit Kombo, aliyekuwa pamoja na Rais, alijeruhiwa akapona, akaishi hadi 1986. Uongozi ukashikwa na Mzee Aboud Jumbe.

Mzee alizikwa Kisiwandui, ubavuni mwa jengo lile lile. Kutoka Mji Mkongwe ni mwendo mfupi wa miguu.