Fresha, kabla hujafungua begi: Tom Mboya alipata mwaka mmoja tu

Sikia, fresha. Najua wiki hii ikoje. Godoro limefungwa kamba juu ya matatu, begi liko miguuni, na mathe amepiga simu mara tatu kabla hujafika Makutano. Unaenda Chuo Kikuu cha Embu, au unashukia Chuka, au unaendelea na barabara hadi Meru. Umebeba mchele, blanketi, na karo ambayo nyumbani wameichangia kwa jasho.

Kama unatokea Nairobi, nina ombi moja. Kabla gari halijafika Thika, tazama upande wa kulia. Utaona mlima umesimama peke yake. Ule ni Kilimambogo. Karibu na mlima huo, katika shamba la mkonge la mzungu, tarehe 15 Agosti 1930, alizaliwa mtu ambaye barabara yake umeikanyaga mara nyingi ukitafuta matatu jijini: Tom Mboya.

Mbona nakuletea Mboya badala ya kukupa orodha ya mambo kumi ya kufanya chuoni? Kwa sababu mimi sina haki ya kutoa orodha. Niliacha chuo mwaka wa pili. Haikuwa shida ya akili wala ya walimu. Niliigusa pesa ya karo, nikijiambia nitairudisha. Nikabeti ili niirudishe. Unajua iliishia wapi. Siku ya mtihani sikuwa kwenye orodha, na badala ya kumwambia mtu nilijifungia chumbani wiki tatu nikitafuna muguka na kuzima simu. Mamangu alijua baada ya miezi mitano, tena kupitia kwa jirani.

Kwa hivyo nisikilize kama mtu aliyeanguka shimoni na sasa anakuonyesha liko wapi. Nakupa maisha ya mtu aliyefika mahali pale pale, karo imeisha, akafanya kinyume changu.

Karo ilipoisha

Babake Mboya, Leonardus Ndiege, alitoka Kisiwa cha Rusinga akawa nyapara katika lile shamba la mkonge. Mshahara ulikuwa mdogo na watoto walikuwa wengi. Tom alisoma shule ya misheni ya Kabaa, akaenda St Mary's Yala, kisha akaingia Holy Ghost College, Mang'u, hapo karibu na Thika. Alikuwa mkali darasani. Alipita mtihani, na mbele yake ilibaki miaka miwili ya mwisho ya sekondari ambayo ingemfungulia njia ya Makerere.

Pesa ikakosekana. Mzee alikuwa na wadogo zake wa kusomesha pia, na mshahara wa nyapara haukutosha wote. Hapo ndipo safari ya kijana yule kwenda chuo kikuu ilipokatika, akiwa na miaka kumi na saba hivi.

Hebu fikiria hapo kidogo. Wenzake wanaendelea, yeye anafunga sanduku. Angeweza kukaa nyumbani akilaumu mkonge. Badala yake alitafuta chuo ambacho hakikudai karo bali kiliwapa wanafunzi posho. Kilikuwepo: Jeanes School, Kabete, pale palipo na Chuo cha Serikali cha Kenya leo. Mwaka 1948 akaingia kusomea ubwana afya, kazi ya kukagua maziwa, nyama, mitaro na vyoo.

Sidhani kuna mtoto anayelala akiota mitaro. Hili nakuambia wewe uliyeomba udaktari ukapewa kozi ambayo hata shangazi yako hawezi kulitamka jina lake. Mboya aliichukua kozi iliyokuwepo akaisoma hadi mwisho. Mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Mama wa maziwa

Kazini aliwakuta wazungu waliofanya kazi ile ile kwa mshahara uliozidi wake mara kadhaa. Kuna siku alikuwa peke yake katika maabara, akaingia mama mmoja wa kizungu na chupa ya maziwa ya kupimwa. Mama yule akatazama huku na huku, akauliza kama kuna mtu yeyote pale. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Akamuuliza kama macho yake yana kasoro.

Kisa hicho alikisimulia mwenyewe baadaye. Lakini hakuishia kukisimulia. Aliwakusanya wafanyakazi weusi wa baraza, na chama chao cha kawaida kikawa chama halisi cha wafanyakazi. Mwaka 1953, akiwa na miaka 23, tayari alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Mwaka 1955, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walipogoma, yeye alikuwa katikati ya mazungumzo yaliyowaletea nyongeza ya mshahara.

Usiku je? Usiku alisoma kwa njia ya posta. Masomo yalikuja kwa barua kutoka Afrika Kusini, anajibu, anatuma, anangoja. Wewe una intaneti mfukoni na bado video ya somo la dakika ishirini unaona ni ndefu. Mimi pia nilikuwa hivyo.

Mwaka mmoja wa Oxford

Sasa tufike pale ninapotaka ufike. Mwaka 1955 Mboya alipata ufadhili wa kwenda Ruskin College, mjini Oxford, Uingereza. Ruskin ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi, watu waliotoka migodini, viwandani na kwenye reli, ambao hawakupata nafasi ya kusoma wakiwa vijana. Alikaa mwaka mmoja, hadi 1956. Hakutoka na digrii.

Huo ndio mwaka wote wa chuo kikuu aliowahi kupata maishani, mmoja tu. Wewe umepewa minne.

Tazama alivyoutumia. Alifika akiwa na maswali kutoka kazini, kuhusu mishahara, uchumi na jinsi serikali zinavyoendeshwa, kwa hiyo kila kitabu alichofungua alikuwa anatafuta kitu ndani yake. Hakujifungia na watu wa kwao pekee; aliketi na kubishana na wafanyakazi wa Uingereza. Alienda kwenye mikutano akaeleza habari za Kenya, wakati huku nyumbani kulikuwa na hali ya hatari na watu wa Embu, Meru na Kikuyu walikuwa wakifungiwa kambini na kuhamishiwa vijiji vya lazima. Kabla ya kurudi, alikuwa ameandika kijitabu kuhusu mustakabali wa Kenya kikachapishwa huko huko.

Mimi nilikuwa na miaka miwili. Nikiihesabu vizuri, miezi niliyosoma kweli haifiki sita. Mingine ilienda kwa kulala, simu, na kuzunguka mjini na watu ambao leo hawajui ninaishi wapi.

Alipokaa na waliosoma

Machi 1957 Waafrika walichagua wabunge wao kwa mara ya kwanza, viti vinane tu. Mboya aligombea Nairobi dhidi ya Argwings-Kodhek, wakili aliyesomea Uingereza, akamshinda. Katika wale wanane alikuwemo mtu wa Meru, Mwalimu Bernard Mate, aliyewakilisha Mkoa wa Kati, ambao wakati huo ulikuwa na Meru na Embu ndani yake. Mwaka uliofuata akaja mwana wa Embu, Jeremiah Nyagah, aliyepitia Makerere na Oxford.

Bwana afya aliketi na hao akafanya nao kazi. Kukosa digrii hakukumnyamazisha, na sijaona popote kwamba kulimfanya awadharau waliokuwa nazo. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza mkutano mkuu wa watu wa Afrika yote kule Accra. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Howard, Marekani, kikampa shahada ya udaktari ya heshima.

Hakuwa malaika. Alikuwa na mashindano makali na Jaramogi Oginga Odinga, na wapo waliomwona mwenye majivuno. Lakini kuna jambo moja hata wapinzani wake hawawezi kumnyang'anya.

Ndege ya wenzake

Miaka ile, ukitaka digrii ungeenda Makerere, Kampala, ambako nafasi zilikuwa chache, au ng'ambo, ambako nauli ilikuwa mlima. Mboya akazunguka Marekani akiomba vyuo vitoe ufadhili na watu wachange nauli. Huku nyumbani, familia ziliuza mifugo na vijiji vikaandaa karamu za chai kuchangisha pesa. Maafisa wa kikoloni walivikejeli vyuo vile vya Marekani kwamba ni vya hadhi ya chini.

Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, safari zikaendelea. Kufikia 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepata nafasi. Mmoja wao alitoka Nyeri, upande wa pili wa mlima wetu: Wangari Maathai, aliyepelekwa chuo kidogo cha watawa huko Kansas mwaka 1960, akarudi, akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu, mwaka 1971, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Wale pia walikuwa mafresha kama wewe. Theluji hawakuwa wameiona, chakula kilikuwa kigeni, nyumbani hakuna simu ya kupiga. Wengi walifanya vibarua ili waendelee kuishi. Na aliyewatafutia nafasi hiyo alikuwa mtu ambaye yeye mwenyewe hakuipata.

Mboya aliuawa kwa risasi Jumamosi, 5 Julai 1969, akitoka dukani kununua dawa kwenye barabara inayoitwa Moi Avenue leo. Alikuwa waziri, na alikuwa na miaka 38. Amezikwa Rusinga.

Basi, fresha

Ukifika hosteli, fanya hesabu. Toa likizo, toa wiki za mgomo kama zitakuja, toa wikendi. Utashangaa minne imebaki mingapi. Kisha amua unataka kujua nini kabla hujatoka pale. Swali moja la kweli litakufikisha maktaba kuliko ratiba kumi za kubandika ukutani.

Karo usiiguse. Ikipungua, sema mapema. Kuna mkuu wa wanafunzi, kuna mwakilishi wa darasa, kuna fomu za basari kwa chifu na kwa ofisi ya mbunge. Mtu akijua wiki ya kwanza, kuna la kufanya. Akijua baada ya mtihani, anabaki kukupa pole tu. Mboya alipoambiwa pesa hakuna, alihesabu alichonacho akatafuta mlango mwingine mapema. Mimi nilificha, na kuficha kulinigharimu zaidi ya zile pesa zenyewe.

Na ukimwona jirani yako wa chumba haendi darasani siku ya nne, bisha mlango. Usingoje akuite, hatakuita. Laiti mtu angebisha wangu.

Mwaka huu nimejaza fomu ya kuomba kurudi. Mathe anajua, safari hii nilimwambia mimi mwenyewe. Nikikubaliwa, nitakuwa fresha mwenye ndevu nyuma yako kwenye foleni ya usajili. Tafadhali usiniite mzee.