Padre Taylor na Amana ya Muyaka

Mombasa ni mji wa maneno. Mtu akiutendea wema hutajwa, na akiutendea uovu hutajwa vile vile, na kutajwa huko huweza kukaa miaka mia baada ya mwenyewe kuingia kaburini. Miongoni mwa wanaotajwa kwa wema hadi leo katika vikao vya washairi yumo mtu mmoja ambaye hakuelekea kibla chetu wala hakufunga saumu yetu. Tena alikuja mjini kwa nia ya kututoa katika dini yetu. Mtu huyo ni Padre William Ernest Taylor. Vipi basi Waislamu wakamhifadhia jina zuri mtu aliyekuja kwa shughuli kama hiyo?

Taylor alizaliwa Uingereza katika mji wa Worcester mwaka 1856, akasoma Oxford. Mwaka 1880 alitumwa Afrika Mashariki na CMS, jumuiya ya wamishenari wa Kanisa la Kianglikana. Wakati huo, bara ya kaskazini ya kisiwa cha Mvita, kilikuwapo kijiji cha Freretown kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Jina la mishenari halikuwa tamu kwa wakubwa wa mji. Wenye watumwa walilalamika kuwa watoro wao walipata hifadhi Freretown na Rabai, na jambo hilo lilizusha fitina kubwa. Juu ya hayo kulikuwa na tofauti ya dini yenyewe. Mgeni wa namna hiyo hakutarajia kukaribishwa kwa ubani na marashi.

Wala Taylor hakujificha. Alisimama sokoni akahubiri mbele ya watu waliokuwa na masheikh wao na vyuo vyao. Husimuliwa kuwa alivaa kanzu na kuishi karibu na desturi za mji, jambo ambalo baadhi ya Wazungu wenzake hawakulipenda. Lakini mji haukumfuata. Waliobadili dini kwa mahubiri yake walikuwa wachache mno, na lau tungeipima kazi yake kwa kipimo hicho peke yake, daftari lake lingekuwa jembamba sana.

Lakini huyu bwana alikuwa na sikio, na sikio hilo ndilo lililomfungulia milango ambayo mahubiri hayakuifungua. Aliwasikiliza Wamijikenda, na mwaka 1891 akatoa kitabu cha maneno ya Kigiriama. Mwaka huo huo akatoa mkusanyo wa mamia ya methali za Waswahili. Alisikia katika Kimvita mambo ambayo wageni waliomtangulia hawakuyasikia. Alitambua kuwa paa la nyumba na paa wa porini hayatamkwi sawa, wala kaa la moto na kaa wa baharini, kwa kuwa moja hutoka na pumzi na jingine halina. Alitambua pia kuwa tunayo te inayogusa meno na te inayogusa ufizi. Hati ya Kizungu ilikuwa haina alama za tofauti hizo, akazitafutia alama. Mwenye kutaka kuelewa thamani ya jambo hili na amsikilize mgeni akisema paa huku wenyeji wakicheka.

Kazi yake kubwa kuliko zote hakuifanya peke yake. Mjini alikuwapo Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, msomi na mshairi, aliyejaa kichwani mashairi ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Muyaka aliishi takriban mwaka 1776 hadi 1840. Aliiona Mombasa ya Wamazrui ikipigania enzi yake, akaiona pia ikiangukia mikononi mwa Sayyid Said mwaka 1837. Taylor alipofika, Muyaka alikuwa amekwisha kufa miaka arubaini. Tungo zake zilikuwa katika vifua vya wazee, na wazee walikuwa wakiondoka mmoja mmoja. Mwalimu Sikujua alizikumbuka, akaziandika kwa hati ya Kiarabu na kuzieleza. Taylor naye akazinakili kwa hati ya Kirumi na kuongeza maelezo, neno kwa neno, pamoja na visa vilivyozizunguka.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Padre huyu alikuwa na tenzi zake za kanisani alizozitunga kwa Kiswahili. Lakini alipokabidhiwa maneno ya Muyaka hakuyageuza mahubiri. Mapenzi yalibaki mapenzi, utani ukabaki utani, na vita vikabaki vita. Wala hakulizika jina la aliyempa: jina la Mwalimu Sikujua limo katika karatasi zile. Sisi tuliopitia chuoni tunalo neno la tabia kama hiyo, nalo ni amana.

Taylor aliondoka Mombasa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ila mapenzi yake kwa Kimvita hayakumtoka. Aliamini kuwa ndicho Kiswahili cha ushairi na usomi. Alifariki mwaka 1927 katika mji wa Bath, na mwaka uliofuata mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa ukachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Hoja yake ikashindwa kama yalivyoshindwa mahubiri yake.

Karatasi zake hazikushindwa. Zilihifadhiwa London, katika Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika. Kutokana nazo William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka, naye pia alizitegemea karatasi zile. Mwanafunzi wa leo anayemsoma Muyaka darasani anakula matunda ya mti uliopandwa na watu wawili, mwalimu wa Kiislamu na padre wa Kikristo.

Katika Mithali za Nabii Suleiman, ambazo Wakristo huzisoma, jina jema limewekwa juu ya mali nyingi. Nasi twasoma katika Kurani kuwa Nabii Ibrahim alimwomba Mola amjaalie kutajwa kwa wema na watakaokuja baada yake. Taylor hakuacha mali Mombasa, wala hakuacha kundi kubwa la wafuasi. Aliacha alichopewa kikiwa salama. Mwislamu haachi dini yake kwa kulishuhudia hilo, kwani kumshuhudilia mtu kwa haki ni sehemu ya dini hiyo hiyo.

Kimebaki kitu kimoja cha kututia haya. Ilibidi maneno ya Muyaka yavuke bahari ndipo yapone mchwa. Katika nyumba zetu za Mji wa Kale, Lamu na Siu, bado kuna makasha yenye karatasi za mababu ambazo hakuna azifunguaye, na wako wazee wenye tungo ambazo hakuna awaulizaye. Mwalimu Sikujua alipata wa kumwuliza. Wazee wetu wa leo nao wanangoja mtu aketi mbele yao na kalamu, na si lazima mtu huyo atoke mbali.