Hans Selye: Aliyeonyesha kuwa msongo si wa mawazo tu

MTOTO wa miaka 12 anapogeuka ghafla kuwa mkali, mkimya au mtoro, wazazi wengi huhitimisha kuwa amekosa adabu. Miongoni mwa waliofungua njia ya kutambua kwamba huenda mwili wake nao umelemewa ni daktari Hans Selye.

Selye alizaliwa mjini Vienna Januari 26, 1907, enzi za himaya ya Austria na Hungaria. Alisomea udaktari mjini Prague na kuhitimu mwaka 1929. Miaka michache baadaye alivuka bahari, akapitia Marekani na kuweka makazi Kanada, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal.

Huko alikuwa akitafuta homoni mpya ya kike. Aliwadunga panya majimaji ya ovari, na alipowapasua akakuta mambo matatu: tezi zilizo juu ya figo zimevimba, viungo vya kinga vimesinyaa na tumbo lina vidonda. Furaha yake haikudumu. Panya waliopewa kemikali nyingine, waliowekwa kwenye baridi kali na waliochoshwa kupita kiasi nao walipata dalili zilezile.

Mwingine angekata tamaa. Selye aliona kuwa mwili una namna moja ya kupokea mateso ya kila aina: kwanza hushtuka, kisha huhimili, na mateso yasipokoma huchoka. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1936 kwa andiko fupi katika jarida la Nature.

Mwaka 1945 alihamia Chuo Kikuu cha Montreal, akaongoza taasisi ya utafiti na kuandika vitabu vilivyosomwa duniani kote. Hata hivyo, jina lake lina doa. Nyaraka zilizofichuliwa baada ya kifo chake zilionyesha kuwa alipokea fedha za kampuni za sigara. Alifariki dunia Oktoba 1982, bila kupata Tuzo ya Nobel ingawa alipendekezwa mara kadhaa.

Waliomfuata waligeukia homoni ya kotisoli, inayotolewa na tezi zilezile za juu ya figo. Kwa vijana wanaobalehe, tafiti zimeikuta ikiwa juu kwa baadhi ya wenye hofu na huzuni, na chini kuliko kawaida kwa baadhi ya wenye ukorofi wa muda mrefu. Matokeo hayo hayalingani kila mahali, hivyo kipimo cha homoni pekee hakitoshi kumhukumu mtoto.

Kiswahili kimeliita tatizo hili msongo wa mawazo, lakini Selye aliuona kwanza mwilini. Kwa mzazi, hilo ni jambo zito: kabla ya kushika fimbo, ni vema akauliza ni mzigo gani ambao mtoto wake ameubeba, na kwa muda gani.